Je, Ajali Haina Kinga?

Wazee wana methali isemayo: Ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli, kwa maana mwanadamu hajui yote, na njia ni ndefu. Lakini hata neno la kweli laweza kuwekwa mahali pasipo pake, kama vile dawa njema yaweza kupewa mgonjwa asiyeihitaji ikamdhuru. Ndugu wakatekumeni, isomeni habari ya lori moja, ipate kuwasaidia kupambanua ajali isiyo na kinga na msiba uliofugwa nyumbani.

HABARI YA LORI

Habari hii ni mfano tu, lakini yeyote aliyesafiri katika njia za Katanga atautambua.

Katika mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, mtu mmoja alikuwa na lori dogo. Lilipeleka unga Kasenga, penye mto Luapula, na kurudi na samaki. Jioni moja, katika mkesha wa safari, dereva alimwambia: “Baba, kanyagio la breki limekuwa laini. Nikilikanyaga linazama karibu na sakafu.” Fundi akaitwa. Alitandika kipande cha katoni chini ya lori, akalala chali, akatazama kwa taa. Aliona kwamba mpira upelekao mafuta ya breki kwenye gurudumu moja la mbele umepasuka, na mafuta yanatoka tone kwa tone. Akasema kwamba mpira mpya utapatikana mjini kesho, maduka yatakapofunguliwa, na kwamba kazi itakwisha adhuhuri.

Mwenye lori akahesabu moyoni. Mifuko ya unga ilikwisha kupakiwa. Abiria walikwisha kulipa. Samaki hawangoji. “Ongeza mafuta ya breki tu,” akasema. “Safari hii moja iende. Mungu yupo.”

Alfajiri dereva alifanya ishara ya msalaba, akaigusa rozari iliyoning'inia mbele ya kioo, akaondoka. Abiria 11 walikaa juu ya mifuko.

Inafaa kujua jinsi breki za lori kama lile zinavyofanya kazi. Mguu ukikanyaga, mafuta husukumwa katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, na nguvu ya mguu hufika huko pamoja nayo. Mahali palipopasuka, nguvu hiyo hutoroka. Kuongeza mafuta bila kubadilisha mpira ni kujaza mtungi wenye ufa, kisha kuusifu kwamba umejaa.

Walikuwa wamekwenda kilometa nyingi hata wakafikia mteremko wa kushukia mto. Dereva akakanyaga. Kanyagio likaenda mpaka sakafuni, wala lori lisipunguze mwendo. Alikuwa mtu mwenye ujuzi. Alirudisha gia za chini moja baada ya nyingine, injini ikanguruma, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza lori kwenye kichuguu kikubwa kando ya njia. Lori likasimama. Hakufa mtu. Lakini kijana mmoja alirushwa chini, na mguu wake ukavunjika.

Ndipo watu wakaanza kusema. Mmoja alisema: “Ajali haina kinga.” Wa pili alisema: “Ni mapenzi ya Mungu.” Wa tatu alinong'ona jambo baya zaidi, kwamba kijana huyo aligombana na shangazi yake mzee kabla ya safari, na kwamba bila shaka kuna mkono wa mlozi.

Mama mmoja mwenye umri, mnunuzi wa samaki, alikuwa akimshikilia kijana kichwa. Akamwuliza dereva: “Mwanangu, jana jioni mlijua?”

Dereva akainamisha uso. “Tulijua, Mama.”

“Basi mwacheni Mungu,” akasema, “na yule shangazi mwacheni.”

SWALI

Swali la mama huyo ndilo linalostahili kufikiriwa: Je, mtu ana kosa kwa ajili ya msiba asioutaka? Mwenye lori hakumchukia kijana yule. Hata jina lake hakulijua. Kama angaliulizwa jioni ile, “Wataka mguu wa mtoto wa watu uvunjike?” angalikasirika. Basi kosa lake liko wapi?

Jibu la kale sana limo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Sheria ya Musa yataja ng'ombe dume ampigaye mtu kwa pembe akamwua. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa wala asimfunge, basi hatia yamwangukia mwenyewe. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, maiti ni ile ile. Tofauti ni moja tu: mwenyewe aliambiwa.

Tazameni busara ya sheria hiyo. Haiulizi kama mwenye ng'ombe alipenda mtu afe. Yauliza kama alijua, na kama alikuwa na uwezo wa kufunga kamba. Mpira wa breki uliopasuka ni ng'ombe huyo. Alipokwisha kuonekana kwa taa ya fundi, mwenye lori alikuwa ameonywa. Kamba ilikuwa mjini, yauzwa dukani. Iliyobaki ilikuwa kungoja mpaka adhuhuri.

Watu wa kijijini wanalijua jambo hilo bila kufundishwa. Wakati wa kiangazi, majani yakiwa makavu na upepo unavuma, mtu akiwasha moto porini ili apate panya, na moto ukala ghala la jirani, je, baraza la wazee litamsikiliza akisema, “Mimi nilitaka panya tu”? Watamjibu kwamba aliyetaka moto katika upepo ameyataka pia yale ambayo moto hufanya katika upepo. Hakuyataka kwa kuyapenda; aliyataka kwa kuyakubali yaje.

Huo ndio uvivu wa moyo ambao waalimu wa Kanisa huuita uzembe, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuchunguza miongoni mwa dhambi. Si kila dhambi ni tendo la mkono. Nyingine ni kazi iliyopasa kufanywa na haikufanywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2290 yafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wenzake kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi barabarani ana hatia kubwa. Ikiwa kasi ni hatia, breki ambazo zajulikana kuwa mbovu haziwezi kuwa jambo dogo. Wala watu wanaokufa kwa njia hiyo si wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 waliokufa barabarani katika dunia nzima mwaka 2021. Na kwa kulinganisha na idadi ya wakazi, Afrika ndiyo iliyopoteza wengi zaidi.

“MUNGU YUPO”

Mwenye lori alisema kwamba Mungu yupo, na neno hilo ni kweli. Lakini Shetani naye alisema maneno ya kweli alipompandisha Bwana Wetu juu ya kinara cha hekalu. Alimkumbusha ahadi ya Mungu kwamba malaika watamlinda, akamshauri ajitupe chini. Bwana alikataa. Hakukataa kwa kukosa imani kwa Baba yake. Alikataa kwa sababu kumjaribu Mungu si kumtumaini. Atumainiye hufanya yaliyo katika uwezo wake, kisha humkabidhi Mungu yaliyobaki. Ajaribuye huacha yaliyo katika uwezo wake, kisha humwagiza Mungu ayafanye.

Kwa hiyo ishara ya msalaba kabla ya safari ni desturi njema sana, na rozari mbele ya kioo haina ubaya. Lakini rozari haikazi skrubu, na medali ya Mtakatifu Kristofa haizibi mpira uliopasuka. Mungu alikwisha kutuma msaada jioni ile katika mtaa wa Golf: alimtuma fundi mwenye taa. Msaada ulikataliwa, kisha ukaombwa upya kwenye mteremko.

Tena, asemaye “Ni mapenzi ya Mungu” juu ya msiba wa namna hii, anamsingizia Mungu. Na anayemtafuta mlozi anamsingizia jirani. Kusingizia huku kumeharibu jamaa nyingi. Bibi mzee ambaye hajapata kushika spana maishani mwake hufukuzwa nyumbani, hupigwa, pengine huuawa, kwa sababu ya gurudumu lililochomoka umbali wa kilometa mia moja. Mkristo na aogope sana kutia sahihi katika mashtaka kama hayo. Pakiwa na msiba barabarani, kwanza pachunguzwe breki, mipira ya magurudumu, uzito wa shehena, mwendo na pombe. Atakayechunguza hayo kwa unyofu, mara nyingi hatakuwa na sababu ya kuuliza kuhusu shangazi ya mtu.

Hata hivyo ziko ajali za kweli. Chuma chaweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana kwa jicho. Mtoto aweza kuruka njiani ghafula. Dereva aliyetunza motokari yake, akaenda mwendo wa kiasi, akapatwa na jambo kama hilo, asijitese kama mwuaji, wala wengine wasimtese. Methali ya wazee ilitungwa kwa ajili yake.

NENO JUU YA UMASKINI

Mtu atasema: “Mafundisho haya ni ya matajiri. Mwenye lori ana watoto shuleni. Dereva hudaiwa fedha kila jioni, na akikataa kuondoka, mwingine atachukua usukani kesho.” Pingamizi hilo ni la haki, nalo halifai kujibiwa kwa haraka.

Ni kweli kwamba umaskini hupunguza uzito wa kosa. Motokari nyingi za Lubumbashi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi katika nchi za mbali, kama Japani, zikaletwa kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia. Usukani wake uko kuume, hali katika Kongo watu huendesha upande huo huo wa kuume, hata dereva hawezi kuona vema mbele ya lori analotaka kulipita. Asiye na uwezo wa kununua motokari nyingine hahukumiwi kwa sababu hiyo.

Lakini tazameni: mambo mengi yanayookoa maisha hayauzwi dukani. Kupima mafuta ya injini asubuhi, injini ikiwa baridi, ni kazi ya dakika moja. Kutazama chini ya motokari kama kuna tone jipya ni bure. Kuujaza upepo mpira wa gurudumu uliolegea ni jambo rahisi. Ukiachwa hivyo hujikunja mno kila unapozunguka, hupata moto, hupasuka. Katika malori makubwa, ambayo breki zake hutumia upepo, kufungua koki za mitungi ili maji yatoke kila siku hakuhitaji fedha. Kupunguza mifuko kumi kwaleta hasara, lakini hasara hiyo yajulikana na ina kikomo. Na asiye na fedha ya kutengeneza breki leo, bado ana njia moja ya haki: lori lisiondoke.

Mizigo ya hatia nayo hailingani. Mzito ni wa mwenye mali, kwa kuwa yeye ndiye apataye faida na ndiye atoaye amri. Dereva ampaswa kusema ukweli waziwazi, na penye hatari ya kufa ampaswa kukataa. Lakini anayekataa peke yake akiwa na njaa nyumbani ni shahidi mdogo, na wenzake wasimwache peke yake. Fundi asifunge kamba mahali pa kipuri kisha apokee fedha ya kipuri. Huo ni wizi, na huenda ukawa zaidi ya wizi. Anayeuza cheti cha ukaguzi bila kuiona motokari amekwisha kupanda ndani yake pamoja na wale atakaowaua. Abiria nao wasinyamaze. Abiria kumi na mmoja wakishuka pamoja, mwenye lori atapata nafasi ya kununua mpira.

NJIANI

Sasa turudi kwenye kichuguu. Lori limesimama, na kazi nyingine ya mapendo yaanza.

Dereva alifanya mambo manne. Kwanza, aliwashusha watu wote na kuwaweka mbali na njia, na kijana mwenye mguu uliovunjika akafungiwa vijiti viwili ili mfupa usicheze. Pili, aliweka mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu, lori lisijiendee. Tatu, alikata matawi mabichi akayalaza barabarani mbele na nyuma, kwa umbali mkubwa, wapitao wapate kuonywa. Nne, alimkataza msaidizi wake kufungua kifuniko cha rejeta, ambayo ilikuwa ikitoa moshi. Kwa maana maji ya ndani yamebanwa, nayo huruka na kumchubua uso afunguaye kabla hayajapoa.

Lori moja lilipita, likapiga honi, likaenda zake. La pili likapita. La tatu likasimama. Dereva wake hakuwa wa kabila lao, wala hakuwa mtu wa kanisa lao. Alimpakia kijana na mama yule mzee, akawafikisha kwenye zahanati, akarudi jioni na mpira wa breki alioutoa katika sanduku lake mwenyewe. Wasomaji wanajua ni mfano gani wa Bwana Wetu unaofanana na huo. Lakini hata kabla ya mfano huo, Sheria ya Musa ilikwisha kuagiza kwamba mtu akiona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asipite, amsaidie kumwinua. Lori lililoharibika ndilo punda wa siku hizi, na sheria haikubadilika.

Wako pia watu wa kijiji kilicho karibu. Hawa ndio wengi wa wasomaji wa ukurasa huu. Motokari ikiharibika penye kijiji, kijiji chajaribiwa. Je, maji ya rejeta yatauzwa kwa bei ya pombe? Je, mifuko italindwa usiku au itapunguzwa? Shida ya mgeni si shamba la kuvunwa.

Na penye lori la mafuta lililopinduka, jaribu hilo huwa la kifo. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, lori la petroli lilipinduka, mafuta yakamwagika, watu wakakusanyika, wengine wakichota. Moto ukawaka. Waliokufa walizidi 230, na wengi hawakuwa wamechota lolote. Mwaka 2019, tarehe 10 Agosti, msiba kama huo uliwapata watu wa Morogoro, katika Tanzania, wakafa zaidi ya mia moja. Kwa hiyo penye petroli iliyomwagika, mapendo ni kukimbia na kuwazuia watoto wasikaribie. Asiwepo wa kuwasha sigara, wala wa kuchukua ndoo.

Katika lile lori la Kasenga, mpira mpya ulifungwa jua likizama. Mafuta yakatiwa, upepo ukatolewa katika mabomba, kanyagio likawa gumu chini ya mguu. Abiria walikuwa wamechoka, wakapanda upesi. Dereva akawasha injini.

Mama mzee alikuwa amekwisha kurudi kutoka zahanati. Akabaki chini, wala hakupanda.

“Mama, panda, usiku unaingia,” akasema dereva.

“Na mawe?” akauliza.

Mawe manne makubwa yalikuwa bado barabarani, na matawi pia. Yeyote ajaye gizani kwa pikipiki au kwa baiskeli yenye makala angeyagonga. Aliyeyaweka alikuwa na haja nayo, na haja yake ilikwisha. Mwenye kuumia angekuwa mtu asiyejulikana, baadaye, wakati ambapo hakuna amwonaye. Huyo ndiye jirani ambaye ni rahisi kuliko wote kusahauliwa. Mwenye lori wa Golf alimsahau jioni iliyotangulia.

Dereva akazima injini. Akashuka, akaviringisha mawe moja moja mpaka majanini, na msaidizi wake akayavuta matawi. Kisha akamshika mama mkono, akampandisha, wakaenda zao polepole.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BAADA YA MAFUNDISHO

1. Katika Kutoka 21, kwa nini mwenye ng'ombe mmoja hana hatia na mwingine anayo?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu?
3. Dereva anayejua kwamba breki ni mbovu, naye ataachishwa kazi akikataa, afanye nini? Wenzake wafanye nini?
4. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kilichoharibika ambacho wote wamekwisha kukiona: daraja, ngazi, kisima kisicho na kifuniko? Ni nani aliyeambiwa?